Shanga hazikuwa hongo ya wajinga

Ukipita maduka ya Mji Mkongwe wa Unguja karibu na Ngome Kongwe, hukosi kusikia kwamba mababu zetu walipumbazwa kwa shanga za kioo za Wazungu. Sivyo. Mnunuzi wa bara ndiye aliyempa mfanyabiashara presha.

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, akijiandaa Unguja kwa safari ya bara, alielezwa hivi: shanga nyekundu zinapokelewa Unyamwezi, nyeusi zinapita Ugogo tu, kwingine kote hazina thamani, nyeupe zinafaa Ufipa, lakini ukizifikisha Ukonongo zitadharauliwa. Ukikosea rangi, mzigo mzima unakuwa kokoto mgongoni mwa mpagazi, na chakula hupati. Zilihesabiwa pia: kete 10, yaani nyuzi 10, zilifanya fundo 1.

Nyekundu iliyopendwa, samisami, nyingi zilitoka Venice. Chukua moja, itazame tunduni kwenye mwanga: nje nyekundu, ndani nyeupe. Kioo chekundu kilikuwa ghali, basi kikavikwa chembamba juu ya cheupe, na rangi ikang'aa zaidi. Ila weupe huo pekee hauthibitishi ukongwe, maana aina hiyo ingali ikitengenezwa. Tazama pia kingo za tundu kama zimelika kwa uzi.