Ukimpeleka mtoto Mikumi, panga kwanza habari ya kukojoa

Wazazi wakifika getini na watoto swali la kwanza ni simba tu, "afande hivi hawa simba hawarukii gari kweli?" na mimi huwa nawajibu simba tutamuongelea, niambie kwanza huyu mtoto mara ya mwisho kakojoa saa ngapi. Wanacheka. Ila kwa hii kazi yangu ya kuelimisha wageni nawaambia ukweli, mtoto akiwa ndani ya gari sina presha naye, presha yangu ni ule mlango ukifunguliwa porini, na mara nyingi unafunguliwa sababu ya mkojo.

Nazungumzia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi maana ndo porini kwa watu wa Dar, wikiendi Noah na Kosta zinajaa, na watoto chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio kwahiyo hadi vichanga wanaletwa, sio vibaya. Sasa Jumamosi moja nimekuta Noah imesimama huko uwanda wa Mkata, mlango umevutwa wote, mama kashuka kamchuchumaza mtoto wa kama miaka 4 nyuma ya tairi, majani yanamfika mtoto shingoni. Dereva yuko bize na simu. Pembeni hapo kuna swala pala kama kumi wamesimama wima wanakoroma, vichwa vyote vimegeukia upande mmoja, na upande wenyewe sio wa gari. Nikawaambia taratibu mama ingieni ndani, ananijibu "dakika moja tu afande". Mpaka leo sijui wale swala waliona nini, mimi sikuona kitu, lakini swala hakoromei upepo.

Watu hawaelewi kwamba simba aliyezoea magari analiona gari kama kitu kimoja kikubwa kisicholiwa, na nyie mliomo ndani ni sehemu ya hicho kitu. Ukishuka umejitenga. Na mtoto akishuka ndo kabisa, mfupi, anakimbia kimbia, sauti nyembamba, yaani kwa chui au fisi hicho ni kiwindo kabisa. Ndo maana hata safari za kutembea kwa miguu kwenye hifadhi zetu chini ya miaka 12 haturuhusu, mzazi hata ukilia.

Kwahiyo beba kopo lenye mfuniko, au kapoti kadogo ka mtoto, mvalishe pampasi hata kama alishaacha, siku moja haimrudishi utotoni jamani. Vyoo vipo getini, pitieni wote kabla ya kuingia hata anayesema hajabanwa.

Kwenye bwawa la viboko mnaruhusiwa kushuka na hapo ndo watu wanajisahau, wanaona kiboko kalala kama jiwe wanamsogeza mtoto kwenye maji apigwe picha. Ndani ya maji hayo hayo kuna mamba. Na kiboko akiwa nchi kavu halafu wewe ukakaa katikati yake na maji hakuzunguki, anapita hapo hapo ulipo, na anakimbia kukuzidi. Shika mkono wa mtoto, sio unamwita, unamshika. Chakula kuleni ndani ya gari vioo vimepandishwa, nyani akiona mtoto ana mfuko wa chipsi hamuombi, anamnyang'anya, na mtoto akivutana naye anang'atwa.

Lile paa la kufungua nalo, mtoto asimame kwenye siti gari likiwa limezimwa tu. Linapotembea akae, breki moja ya ghafla sababu ya ngiri inatosha kumpasua midomo. Mkikutana na tembo mwenye mtoto na watoto wenu wakaanza kelele, msiwafokee, fungeni vioo dereva asogee taratibu, yule mama akishatanua masikio na kuwaelekea mshachelewa kidogo.

Mbung'o, wengine mnaita ndorobo, wapo na wanauma hadi kupitia nguo nyepesi, wanapenda rangi ya bluu na nyeusi kwahiyo zile jinzi za watoto ziacheni nyumbani, vaeni kaki. Wanaweza kuleta ugonjwa wa malale, sio jambo la kila siku, ila mtoto akipata homa baada ya safari mwambie daktari mlikuwa hifadhini, msiishie kupima malaria tu. Dawa ya kupaka ya mbu kwa kichanga chini ya miezi 2 hapana, mtumie neti.

Akigongwa na nyoka usichanje, usinyonye, usifunge kamba, mtulize asitembee, mguu usichezeshwe, mkimbizeni hospitali. Usiku mkilala hifadhini matunda yasikae ndani ya hema, tembo anayanusa kutoka mbali, na mtoto akitaka kutoka nje aende na mkubwa mwenye tochi, au lile kopo la mchana litumike tena.

Kuhusu muda, ingieni saa 12 asubuhi geti likifunguliwa, mtoto ameshalala vya kutosha na hajachoka, wanyama wako wazi, ikifika saa 4 jua limekuwa kali tokeni mkapumzike. Mtoto aliyekaa kwenye gari la joto masaa sita ndo huyo atakayetaka kushuka kwa nguvu.