Antena ya TV ya gari la kulala: kando ya ziwa, anza na mlingoti

Ukishatoa viti vya Coaster ukaweka kitanda, jiko la gesi na TV ya volti 12, linabaki suala la antena. Dukani utaonyeshwa boksi lililoandikwa "kilomita 300". Liache hapo hapo. Mawimbi ya TV husafiri karibu na mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako, kisha zidisha kwa 4.1: hizo ndizo kilomita zako. Mnara wa mita 100 na antena ya mita 4 vinakupa kama 49, tena pasipokuwa na kilima katikati. Mnara ukisimama juu ya kilima umbali unaongezeka, lakini mia tatu haifiki.

Ziwani kuna jambo jingine, nalo ndilo linalowasumbua wengi. Umeegesha mchangani upande wa Kamanga, kwenye Ziwa Victoria, Mwanza iko mbele yako ng'ambo ya maji, hakuna jabali wala mti unaokinga, na bado picha inaganda na kukatika miraba. Wimbi linakufikia kwa njia mbili: moja limenyooka, jingine limegonga maji. Lile linalogonga maji likiwa limelala, karibu sambamba na uso wake, hurudi limegeuka, panapopanda hili lile linashuka, kwa hiyo karibu na uso wa maji yanafutana. Ukipandisha antena kutoka mita 2 hadi 4 juu ya maji unapata desibeli 6 hivi zaidi, yaani nguvu mara nne. Kubadilisha antena tu mara nyingi hakukupi faida hiyo. Ndiyo maana nasema nunua kwanza mlingoti wa alumini wa vipande, wa mita 5 au 6, na uegeshe kwenye mteremko badala ya ukingoni mwa maji.

Antena yenyewe iwe ya UHF, yaani masafa ya juu yanayotumiwa na TV ya dijitali. Tangu analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na mikoa mingine baadaye, yale madude yenye vyuma vya mita nzima na zaidi hayana kazi juu ya gari. Chuma kinachopokea UHF kina urefu wa sentimita 25 hivi, kwa hiyo antena nzuri inaingia chini ya kitanda. Mimi huchagua ile ya umbo la mshale, vyuma vikianza vifupi mbele na kurefuka kwenda nyuma. Inapokea masafa yote ya UHF kwa usawa, wala haihitaji uilenge kwa usahihi mkubwa. Ile ndefu ya mgongo wa samaki inavuta mbali zaidi, lakini ikienda pembeni kidogo tu unapoteza, na upepo wa ziwa unaisukuma. Antena ya duara, bapa kama sahani, inayopokea pande zote inafaa anayetaka kutazama gari likitembea, ndani ya mji. Ukishavuka Magu kuelekea Lamadi usiitegemee.

Kabla ya kuinua mlingoti, angalia antena zilizo kwenye mapaa ya jirani. Usiangalie zinakoelekea tu. Angalia pia kama vyuma vimelala au vimesimama, na ya kwako uiweke vivyo hivyo. Ukikosea hapo unaweza kupoteza desibeli 20. Halafu fungua menyu ya king'amuzi kwenye utafutaji wa mkono. Utaona mistari miwili, nguvu na ubora. Fuata ubora. Zungusha mlingoti kidogo, nyuzi 10 hivi, ngoja sekunde tano maana king'amuzi kinachelewa kuonyesha, kisha endelea. Ukihamia mji mwingine, tuseme Musoma, tafuta chaneli upya, kwa kuwa masafa ya mnara wa huko si lazima yawe ya Mwanza.

Busta, yaani kikuza mawimbi, ni kwa ajili ya kufidia nguvu inayopotea kwenye waya, haiumbi mawimbi yasiyokuwepo. Ikae juu karibu na antena. Mjini, karibu na mnara, itoe kabisa: nguvu itajaa, ubora utashuka, picha itakatika. Waya uwe RG6 wa omu 75. Mita 10 zinakula desibeli 2 hivi. Waya mwembamba wa redio za mawasiliano, RG58, ni omu 50 na unakula zaidi. Pale unapoingia ndani uache ushuke kitanzi chini ya tundu ndipo upande tena, ili maji ya mvua yadondokee kwenye kitanzi na yasiufuate waya hadi kwenye TV.

Ubora ukicheza bila sababu, zima inveta na taa za LED moja moja huku unatazama mstari. Mara nyingi mkosaji ni moja ya hizo, hasa za bei ya chini.

Radi za ziwa hupenda kuja usiku wa manane kuelekea alfajiri. Usilale mlingoti ukiwa juu. Ushushe, na uchomoe waya nyuma ya king'amuzi, hata kama jioni anga lilikuwa jeupe. Ukisikia ngurumo kabla hujaushusha, usiuguse tena; kaa ndani ya gari, milango imefungwa.