Kuunda Priampu ya Valvu Nyumbani: Kazi Ianzie Kwenye Pawa Saplai

Valvu za redio, zile chupa ndogo za kioo zenye mwanga wa rangi ya chungwa, hazijaishia makumbusho. Viwanda vya Slovakia, Urusi na China bado vinazitengeneza, na wapenzi wa santuri na magitaa bado wanazinunua ili wajiundie amplifaya za awali, yaani priampu. Wanaofika kwenye karakana yetu huja na mchoro mkononi wakitaka kujua kama ndio ulio bora. Swali hilo huulizwa mapema mno. Hatua moja ya kukuza sauti kwa valvu ina rezista (vizuizi vya mkondo wa umeme) na kapasita (vihifadhi chaji) zisizofika kumi kwa kila upande wa stirio, na misingi yake haijabadilika tangu miaka ya 1950. Kinachoamua kama kifaa kitakuwa kimya na hakitamdhuru mtu ni pawa saplai, yaani sehemu inayobadili umeme wa ukutani kuwa ule unaohitajiwa na valvu, na hiyo ndiyo ya kuundwa na kupimwa kwanza.

Kwa anayeanza tunapendekeza valvu ya ECC82, inayojulikana Marekani kama 12AU7. Ndani yake mna trayodi mbili, yaani vikuza ishara viwili vinavyojitegemea, hivyo chupa moja inatosha kwa upande wa kushoto na wa kulia. Wengi hukimbilia ECC83 kwa kuwa jina lake limezoeleka kwenye amplifaya za magitaa, lakini ile hukuza kwa urahisi mara 50 au 60. Gitaa hutoa ishara dhaifu, kwa hiyo linahitaji ukuzaji huo. Simu au kicheza CD tayari hutoa volti moja au mbili hivi, na ukiikuza kiasi hicho utabaki na kitufe cha sauti kisichoweza kufunguliwa zaidi ya upana wa ukucha.

Sasa tuje kwenye umeme. Valvu hii inahitaji volti 6.3 za kupasha hita, ule uzi wa ndani unaong'aa, na takribani volti 250 za umeme mnyoofu (DC) kwenye anodi, mguu wa upande chanya; mguu wa upande hasi huitwa kathodi. Transfoma yenye koili ya pili ya volti 180, baada ya daraja la dayodi (dayodi nne zinazogeuza umeme wa AC kuwa mnyoofu) na kapasita ya kusawazisha, hutoa volti 254 hivi. Kumbuka kwamba valvu ikiwa baridi haivuti umeme, hivyo volti hupanda, na kwamba umeme wa majumbani hupanda na kushuka. Kwa sababu hizo mbili kapasita ziwe za volti 400. Wapo wanaodhani wanaweza kuokoa gharama kwa kuunganisha dayodi moja kwa moja kwenye waya za ukutani bila transfoma. Hilo usilifanye kamwe: boksi, waya za sauti na mikono ya mtumiaji vyote vitakuwa vimeunganishwa na laini ya umeme. Boksi lenyewe liwe la chuma, lifungwe kwa boliti kwenye waya wa ethi wa plagi ya pini tatu, na njia ya kuingilia transfoma iwe na fyuzi yake ndogo ya miliampea 250 inayochelewa kukatika, kwa sababu fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi ni kubwa mno kwa kazi hii.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Breka ya nyumba inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini haiwezi kukulinda dhidi ya zile volti 250, kwa sababu koili ya pili ya transfoma imetenganishwa na laini, na umeme utakaopita mwilini mwako hautaonekana upande wa breka. Zaidi ya hayo, kapasita hubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Weka rezista ya kiloomu 220 ya wati 2 kati ya miguu miwili ya ile kapasita ya kusawazisha, ikiwa ni ya maikrofaradi 47, nayo itamaliza karibu chaji yote ndani ya dakika moja. Hata hivyo, pima kwa multimita kila mara kabla ya kugusa, maana rezista nayo huweza kukatika. Unapopima kifaa kikiwa kimewashwa, tumia mkono mmoja, mwingine uwe mfukoni, na asikosekane mtu mwingine karibu anayejua swichi kuu iko wapi.

Mara ya kwanza washa kupitia balbu ya nyuzi ya wati 40 iliyounganishwa kwa mfululizo na waya wa laini. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, hali ni nzuri. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna shoti mahali, na balbu imekuokolea transfoma. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii.

Pawa saplai ikishatulia ndipo valvu ifuate. Kwa rezista ya kiloomu 47 kwenye anodi na ya kiloomu 1.5 kwenye kathodi, tarajia volti 4 hivi kwenye kathodi, ambazo ni sawa na miliampea 2.7 hivi, na volti 110 hadi 130 kwenye anodi. Bila kapasita ya kathodi, ile ambayo wengine huiunganisha sambamba na rezista ya kathodi, utakuza sauti karibu mara 10, na kwa matumizi mengi ya nyumbani hiyo inazidi mahitaji.

Yanayobaki ni mvumo na kelele. Mvumo mzito wa hezi 50 mara nyingi hutoka kwenye waya za hita, ambazo zinapaswa kusokotwa pamoja na kupitishwa pembeni mwa boksi, au kwenye transfoma iliyo karibu mno na valvu. Kwa hiyo usitoboe matundu ya transfoma kabla ya kuigeuza pande mbalimbali, ukizima kila unapoigusa, na kusikiliza ni wapi mvumo unapungua. Mvumo wa hezi 100, ulio mkali kidogo, huashiria usawazishaji hafifu. Kelele za kukwaruza zikiwa upande mmoja tu, zima, badilisha valvu kwa nyingine unayoiamini, kisha sikiliza tena. Zikiisha, tatizo lilikuwa valvu. Zikibaki, kagua soketi na sehemu ulizolehemu upande huo.