Je, wajua kwa nini hifadhidata huweza kusema namba tatu tofauti hazitofautiani?

Ingiza 100000001, 100000002 na 100000003 kwenye jedwali la PostgreSQL, programu ya hifadhidata, katika safu ya aina ya DOUBLE PRECISION, yaani namba za desimali zinazotunzwa kwa makadirio. Variansi ya sampuli, kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika, ni 1 kamili: wastani ni 100000002, miraba ya mikengeuko (tofauti ya kila namba na wastani) inajumlika kuwa 2, kisha unagawa kwa 2, yaani idadi kutoa moja. Sasa ikokotoe kwa njia ya mkato ya vitabuni:

(SUM(x*x) - SUM(x)*SUM(x)/COUNT(x)) / (COUNT(x) - 1)

Jibu linatoka 0.

Wengi huilaumu fomula, au ile "kutoa moja". Zote mbili hazina kosa; kwa aljebra njia hizi mbili ni kitu kimoja. Dhana potofu iko kwingine: kwamba kompyuta ikikosea kidogo kwenye tarakimu za mwisho, kosa litabaki dogo hadi mwisho wa hesabu. Hubaki dogo ukijumlisha. Ukitoa namba mbili kubwa zinazokaribiana, tarakimu za mbele zinafutana, na kinachobaki ni zile za mwisho tu, palepale kosa lilipojificha.

Ni kama kutafuta uzito wa kofia ya dereva kwa kupitisha lori kwenye mizani ya barabarani mara mbili, akiwa ameivaa na akiwa ameiacha. Mizani ni nzima, ila haikuundwa kuona kofia.

Hapa kofia ni 2. Jumla halisi ya miraba ni 30000001200000014, lakini aina hii ya namba hubeba tarakimu 15 hadi 17 tu, hivyo inatunzwa ikiishia na 12. Namba inayotolewa kutoka kwake, SUM(x)*SUM(x)/COUNT(x), nayo inatunzwa ikiishia na 12, hivyo tofauti ni 0.

Dawa ni kutafuta wastani kwanza, kisha kujumlisha miraba ya mikengeuko. B. P. Welford alionyesha mwaka 1962 jinsi ya kufanya yote kwa kupita data mara moja. PostgreSQL yenyewe iliachana na mkato huu kwa namba za aina hii katika toleo la 12, mwaka 2019. Aina ya NUMERIC, inayotunza tarakimu zote bila kukadiria, haina shida hii kwa namba kama hizi, ingawa ni nzito zaidi.

Kwa hiyo tumia VAR_SAMP, amri ya variansi ya sampuli iliyomo tayari. Usiandike VARIANCE: kwenye PostgreSQL hiyo ni ya sampuli, kwenye MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, ni ya kundi zima, inayogawa kwa 3.