Nchi zisizo na jeshi: nani kasema zinalindwa bure?

Kila nikimaliza kipindi cha mikataba ya ulinzi kuna mkono unaonyooshwa, na swali ni lile lile: "Mwalimu, kwa nini kila nchi ndogo isifute jeshi lake, ikalindwa bure na wakubwa kama Iceland?" Nimelisikia kwa wanafunzi, nimelisikia kwa wanasheria wenzangu, na juzi nimelisikia kwa mtu ambaye kazi yake ni kuandika mikataba. Kinachoniudhi ni hilo neno "bure", pamoja na madai mengine yanayofuatana nalo; nayajibu hapa moja moja.

"Wanalindwa bure"

Sijawahi kusoma mkataba wa ulinzi ambao mdogo hakutoa kitu. Watu hawaioni bei kwa sababu wanaitafuta kwenye bajeti ya ulinzi, na humo haimo. Hulipwa kwa ardhi, kwa bahari, au kwa haki ya kusema hapana.

Tazama Palau, Mikronesia na Visiwa vya Marshall. Wana mikataba ya ushirika huru na Marekani, Palau tangu 1994 na wenzake wawili tangu 1986. Marekani imebeba mamlaka na wajibu wote wa ulinzi, serikali zao hupata fedha, na raia wao huishi na kufanya kazi Marekani bila viza. Wengi huishia kusoma hapo. Wangeendelea kidogo wangekuta kwamba Marekani inaweza kulizuia jeshi la nchi nyingine yoyote lisikanyage visiwa hivyo, na kwamba kisiwa cha Kwajalein, huko Marshall, kina kituo cha Marekani cha kujaribia makombora. Vijana wa nchi hizo huruhusiwa kujiunga na jeshi la Marekani. Wapo waliokufa Iraq na Afghanistan, katika vita ambavyo nchi zao hazikuwa na kura hata moja ya kuviamua. Mtu akiniambia hiyo ni bure, mimi namuuliza anapimaje.

Au chukua Tuvalu, yenye watu elfu kumi na kitu tu. Mwaka 2023 ilitia saini mkataba wa Falepili na Australia, nao ukaanza kutumika 2024. Australia imeahidi kusaidia Tuvalu ikiomba, iwe ni kwa maafa makubwa, kwa janga la maradhi au kwa uvamizi wa kijeshi, na imefungua nafasi hadi 280 kwa mwaka za watu wa Tuvalu kuhamia kwake. Kwa upande wake, Tuvalu haiwezi kuingia makubaliano ya usalama na nchi nyingine bila kuelewana kwanza na Australia, na makubaliano hayo ni pamoja na ya bandari na mawasiliano. Kwa nchi ambayo bahari inaimeza huenda ni biashara nzuri, na siwalaumu hata kidogo. Lakini ni biashara.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wameshauchoka, ni huu: achana na habari za magazetini kuhusu mkataba, ufungue wenyewe, kisha upigie mstari vitenzi. "Italinda" ni ahadi moja. "Itashauriana", "itasaidia ikiombwa", "itachukua hatua itakayoona inafaa" ni ahadi nyingine kabisa. Hata kifungu cha 5 cha mkataba wa NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, kinachosema shambulio kwa mmoja ni shambulio kwa wote na kinachotajwa kana kwamba ni king'ora cha vita, kinamwachia kila mwanachama achukue hatua anayoona ni ya lazima. Ukimaliza vitenzi, tafuta nani anaweza kujitoa na kwa notisi ya muda gani.

Iceland yenyewe, hiyo inayotolewa mfano kila mara, iliyaona hayo. Ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa NATO mwaka 1949 bila jeshi, na mwaka 1951 ikakubaliana na Marekani, ambayo ikakaa na kikosi chake katika kambi ya Keflavik. Mwaka 2006 Marekani iliamua kuondoka. Iceland haikutaka, lakini Septemba mwaka huo kambi ikafungwa. Tangu 2008 washirika wa NATO hupeleka ndege za kivita kwa zamu, hukaa wiki kadhaa kisha huondoka. Rada za kulinda anga zinaendeshwa na walinzi wa pwani wa Iceland wenyewe, na gharama hiyo wanaihesabu vizuri.

"Hawana jeshi, basi hawana silaha"

Angalia nguo na vifaa, usiangalie jina. Mauritius haina jeshi, lakini ndani ya polisi wake kuna Kikosi Maalumu chenye mafunzo ya kijeshi, na kuna walinzi wa pwani wenye meli za doria. Panama ina kikosi cha mpakani kinachopambana msituni na magenge ya dawa za kulevya. Na walinzi wa pwani wa Iceland ndio waliokata nyavu za meli za uvuvi za Uingereza zikiwa zinasindikizwa na manowari, mpaka mwaka 1976 Uingereza ikakubali mipaka ya uvuvi ya maili 200 za baharini.

"Walifuta jeshi kwa kupenda amani"

Wengi walilifuta kwa kuliogopa. Costa Rica ilifanya hivyo Desemba 1948, miezi michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na aliyelifuta, José Figueres, ndiye aliyekuwa ameshinda vita hivyo kwa bunduki. Dominica ilivunja jeshi lake mwaka 1981, baada ya njama za kumpindua Waziri Mkuu Eugenia Charles ambazo wanajeshi walihusika nazo. Panama ililivunja baada ya Manuel Noriega, mkuu wa jeshi aliyekuwa akiitawala nchi, kuangushwa. Adui aliyewanyima usingizi alikuwa analala kambini.

"Katiba inawakataza milele"

Soma kifungu cha 12 cha katiba ya Costa Rica mpaka mwisho. Kinapiga marufuku jeshi la kudumu, kisha kinaruhusu vikosi vya kijeshi kuundwa kwa makubaliano ya bara la Amerika au kwa ajili ya kuitetea nchi.

"Kutofungamana na upande wowote kunatosha"

Tarehe 10 Mei 1940 Ujerumani iliivamia Luxemburg, na siku hiyo hiyo Uingereza ikateremsha askari Iceland. Zote mbili zilikuwa zimetangaza kutofungamana.

"Mahakama haina meno"

Mwaka 2010 askari wa Nicaragua waliingia kwenye kipande cha ardhi oevu mdomoni mwa mto San Juan, ambacho Costa Rica ilisema ni chake. Costa Rica ilipeleka polisi mpakani, ikapeleka kesi The Hague. Ilichukua miaka mitano. Mwaka 2015 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba ardhi ni ya Costa Rica, na mwaka 2018 ikaiamuru Nicaragua ilipe fidia ya dola 378,890 na senti kadhaa, sehemu yake ikiwa ni ya miti iliyokatwa na mifereji iliyochimbwa. Costa Rica ilikuwa imedai zaidi ya dola milioni sita. Nicaragua ililipa.