Siku 10 zinatosha, msiniombe miezi sita

Hivi ni nani anayewaambia watu kwamba Lyme, ule ugonjwa wa bakteria wanaoletwa na kuumwa na kupe, unatibiwa kwa miezi? Wiki hii tu nimesikia maneno yale yale kwa wagonjwa watatu, na huyo wa mwisho doa lake la ngozi, lile linalotokea baada ya kuumwa na kupe, liko pajani lina siku tano, hana homa, hana kitu kingine, nimemwandikia antibayotiki ya doksisaiklini, sisi twaita doksi, ya siku 10 akaiangalia ile pakiti kama nimempa pipi. "Daktari, siku kumi tu? Mbona nimesoma wenzangu wanatumia miezi sita na dripu juu?" Basi nikasema leo naandika, nikiulizwa tena mtu anasoma mwenyewe mi naita anayefuata.

Naanza na hiyo hiyo maana ndo inanichosha kuliko zote, kwamba dozi fupi ni ya kubahatisha na anayetaka kupona kweli lazima ale antibayotiki mpaka achoke.

Sio kweli. Urefu wa dozi unategemea bakteria wamefika wapi mwilini, hautegemei wewe umeogopa kiasi gani. Kama bado wako kwenye ngozi, yaani una doa linalotanuka na basi, ni doksi miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 10, au amoksisilini siku 14 kwa asiyeweza doksi. Kama wamefika kwenye mishipa ya fahamu, mfano uso umepooza upande mmoja, au wamegusa moyo, ni wiki 2 hadi 3, na hapo mwingine tunamlaza kabisa tunampa antibayotiki ya seftriaksoni ya mshipani. Goti limevimba, siku 28. Hiyo ndo miongozo ya mwaka 2020 ya vyama vya madaktari wa Marekani, nchi ambayo ugonjwa wenyewe umepewa jina la mji wake, na miezi sita haimo.

Najua hoja inakotoka. Mtu kamaliza dozi, doa limefutika, lakini uchovu hauishi, viungo vinauma, anasahau hata alichokuwa anasema, na hiyo ni wiki ya nane. Anajiambia wadudu bado wamo. Mimi simwambii anajifanya, dalili hizo ni za kweli na kuna sehemu ndogo ya wagonjwa wanabaki nazo zaidi ya nusu mwaka. Kuumwa anaumwa. Swali ni je, antibayotiki zaidi zitamsaidia? Na hilo limeshapimwa. Mwaka 2001 Marekani walichukua wagonjwa 129 wenye malalamiko hayo hayo, waliokwisha kutibiwa, wengine wakapewa seftriaksoni ya mshipani siku 30 halafu doksi siku 60, wengine plasebo, yaani dawa bandia isiyo na kitu ndani, na hakuna mgonjwa aliyejua kapewa nini. Ikawa sare. Sasa sikiliza hapa, karibu watu 4 kati ya 10 walipata nafuu, KWENYE MAKUNDI YOTE MAWILI. Kwa hiyo yule anayekuapia kwamba miezi mitatu ya dawa ndo ilimponya hasemi uongo, nafuu kaipata kweli, ila hata angemeza unga mtupu pengine angeipata vilevile. Mwaka 2016 Waholanzi nao wakajaribu wiki 12 za vidonge juu ya wiki 2 za sindano, majibu hayo hayo.

"Sawa daktari, lakini si tujaribu tu, kwani ina madhara gani?" Hapo ndo napandwa na hasira. Mpira wa kudumu kwenye mshipa ni mlango uliouacha wazi. Mwaka 2017 CDC, shirika la kudhibiti magonjwa la Marekani, lilitoa taarifa za wagonjwa 5 waliotibiwa hiyo inayoitwa Lyme sugu, wote walipata maambukizi makali kutokana na tiba yenyewe, na mmoja alikufa baada ya bakteria kupita kwenye huo mpira na kuingia kwenye damu. Mtu amekufa kwa dawa ambayo hakuihitaji! Halafu kuna hasara nyingine haisemwi, ukishaganda kwenye Lyme hakuna anayetafuta kingine, nimeshaona mtu kala doksi miezi minne kumbe tatizo ni tezi ya shingo. Dalili zikibaki rudi tuchunguze upya, damu, tezi, usingizi, sonona, hata magonjwa mengine ya kupe, maana kupe mmoja anaweza kukuachia babesia pia, kimelea cha kwenye damu, na doksi haiiui.

Haya mengine nayapitia mbiombio.

"Nirudie kipimo nione kama nimepona." Usirudie, utajitia presha bure. Kile kipimo kinatafuta kingamwili, na hizo hukaa kwenye damu miaka hata kama bakteria walishakufa zamani. Na kinyume chake pia, wiki za mwanzo kipimo kinaweza kusema huna wakati unao, ndo maana doa likiwa wazi tunatibu kwa macho hatusubiri maabara.

"Doa langu halina duara ndani ya duara, basi sio Lyme." Mengi ni jekundu tupu, na wengine hawalioni kabisa. Mimi siku zote nasema chukua kalamu, chora ukingo wa doa, piga picha, kesho angalia kama limevuka mstari. Wanacheka lakini hiyo picha imeshanisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

"Nimemeza nikazidiwa, dawa imenikataa." Siku ya kwanza homa na maumivu yanaweza kupanda kidogo kwa baadhi ya watu halafu yanashuka, endelea na dozi. Ila ukivimba midomo au ukibanwa pumzi hiyo ni hatari nyingine, kimbia hospitali. Na anayekwambia kuzidiwa wiki sita mfululizo ni ishara kwamba sumu inatoka, muulize anakuuzia nini.

"Nitamwambukiza mwenzangu." Hapana. "Nimeshaugua, siugui tena." Unaugua tena, kupe mwingine tu anatosha.

Dawa yenyewe sasa, maana hapa ndo watu wanaiharibu halafu wanailaumu. Doksi meza na glasi nzima ya maji umekaa wima, usimeze ukaenda kulala, itakuchoma koo utajuta. Maziwa, vidonge vya kuongeza damu na vya kiungulia viweke mbali nayo saa kadhaa maana vinaizuia kuingia mwilini. Jua nalo jikinge, ngozi inaungua haraka. Kama una mimba sema mapema, tunabadilisha. Na usiikatishe siku ya nne kwa sababu doa limepauka.

Moyo ukianza kudunda ovyo, ukizimia au mdomo ukienda upande, njoo siku hiyo hiyo hata kama dozi haijaisha, hayo siyo ya kuulizia kwenye simu.