Rauta ya nyumbani: tunayodanganyana na ukweli wenyewe

Juzi shemeji kanipigia kachafukwa kweli, "shem hii waifai uliyonisifia mbovu, vijiti vimejaa vyote ila hata picha ya WhatsApp haifunguki," na hapo kashagombana na dada wa huduma kwa wateja nusu saa nzima. Nikamwambia hebu niangalizie taa za rauta, kile kiboksi kinachotoa waifai. Kumbe ile iliyoandikwa LOS inawaka nyekundu.

Hapa ndo uongo namba moja ulipo, kwamba waifai na intaneti ni kitu kimoja. Sio. Vile vijiti vinakwambia simu yako inaisikia rauta vizuri kiasi gani, basi, habari za nje ya nyumba havizijui. Ni kama mabomba ya ndani yawe mapya kabisa halafu maji ya mtaani yamekatika, utafungulia koki mpaka mwisho utoke upepo tu. LOS nyekundu maana yake mwanga wa faiba, ule waya wa kioo unaoleta intaneti nyumbani, haufiki kwenye kifaa chako.

Nikaenda. Rauta iko nyuma ya TV, ndani ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake maua ya plastiki. "Si inaingia vumbi," ananiambia. Sasa watu wengi wanaamini rauta ni ya kufichwa, popote ikikaa itafika, wakati ile ni redio, inataka iwe juu, wazi, katikati ya nyumba. Ukuta wa tofali za sementi unaipunguza nguvu, zege lenye nondo ndo balaa, friji ni bati, kioo kikubwa cha kabati la nguo kinarudisha mawimbi, tangi la maji linayanywa. Maikrowevu nayo inafanya kazi kwenye masafa ya 2.45 GHz, hapohapo inapopita waifai ya 2.4, kwahiyo ukipasha wali usishangae muvi ikaanza kukwama. Kile kitambaa chenyewe hakizuii mawimbi, ila kilikuwa kimeziba matundu ya hewa, nilipoishika rauta ilikuwa ya moto kama pasi.

Antena alikuwa kazielekeza zote mbili chumbani kama anamwagilia bustani. Mawimbi hayatokei nchani bwana, yanatoka ubavuni, ukiielekezea ncha chumbani ndo unakipa kile chumba sehemu dhaifu kuliko zote. Zisimamishe wima. Kama una ghorofa, laza moja.

Af kuna hii ya "5G". Jina la waifai limeandikwa 5G mwishoni, mtu anajua kapata 5G ya minara ya simu. Ile ni 5 GHz tu, masafa mengine. Ina spidi zaidi ila ukuta mmoja miwili hoi, 2.4 ni ya polepole lakini inafika mpaka jikoni. TV ya sebuleni iweke kwenye 5, chumba cha mwisho tumia 2.4, na kamera na balbu nyingi za waifai zinakubali 2.4 peke yake, usije ukarudisha dukani ukidhani ni mbovu.

Paswedi nazo ziko mbili, ya kuingilia waifai na ya kuingilia mipangilio ya rauta yenyewe, na hii ya pili wengi wanaiacha ileile ya kiwandani. Andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kule juu kwenye brauza (namba kamili iko kwenye stika chini ya rauta), inafunguka hata bando likiisha maana rauta iko humohumo ndani, kisha badilisha. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliingia kwenye kamera na rauta kwa kujaribu paswedi za kiwandani tu, Oktoba kikatumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza brauza za watu kwenye tovuti wanazoandika, Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu kibao Marekani. Kuficha jina la waifai hakusaidii kitu, kuna programu za bure zinaliona. Kwenye ulinzi wa waifai chagua WPA2 au WPA3, na WPS (ile ya kuunganisha kwa kitufe au PIN bila paswedi) izime, PIN yake ya tarakimu 8 tangu 2011 inajulikana kuwa inavunjika kwa majaribio kama 11,000 tu.

"Nalipia 20 napata 2.5, naibiwa!" Huibiwi. 20 ni megabiti, ile unayoiona ukishusha faili ni megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8, kwahiyo gawa kwa 8.

Na kale katundu ka "reset" nyuma ya rauta sio ka kuzimia na kuwashia. Mimi mwenyewe nilishachomeka pini pale nikafuta kila kitu, mpaka jina na paswedi alizoweka fundi siku ya kwanza, nikakaa siku mbili namsubiri. Kama unataka kuizima na kuiwasha chomoa umeme, hesabu sekunde 30, rudisha.

Ya shemeji tulikuta kale kawaya kembamba ka faiba kamebanwa na kabati ukutani, kamekunjika kabisa. Faiba ni kioo, ukiikunja sana mwanga unavujia pale kwenye kona. Tukavuta kabati mbele, waya ukanyooka, LOS ikazima. Rauta nikaipandisha juu ya kabati la vyombo. Kitambaa kagoma kukitoa, tukaelewana kikae chini yake, bahati nzuri matundu ya rauta ile yako ubavuni.